Jina Asilolitaja Bi Atija

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika jina la babu yangu mara mia moja. Ndivyo alivyonipokea senhor conservador, yaani mkuu wa ofisi ya registo, pale panapoandikwa watu wanapozaliwa, wanapooa na wanapokufa. Alikuwa Mreno mfupi mwenye kikohozi kisichopona. Hakuniuliza nimetoka wapi wala kama nimekula. Alinisukumia karatasi na kalamu ya kuchovya, akaniambia niandike jina la mtu yeyote ninayemheshimu, mpaka herufi zote zilale upande mmoja. Nikaandika Sumail Bacar. Huyo ni babu mzaa baba, aliyenilea kijijini Mucojo baada ya baba yangu kufariki. Kufika adhuhuri vidole vilikuwa vimeganda, lakini Sumail Bacar wa mia alilala sawasawa na Sumail Bacar wa tisini.

"Sasa una mkono," senhor conservador akaniambia. "Kichwa tutakitafuta baadaye."

Nawaandikia haya nyinyi mnaofanya kazi ile leo kwa kompyuta, mnaobonyeza kidude na kosa likatoweka lisijulikane lilikuwepo. Sisi kosa letu lilikaa. Ofisi nilizofanyia kazi sitazitaja, maana wengine niliokuwa nao bado wako hai na sina nguvu za kugombana nao. Nilianza kazi bado Wareno wapo, nikaimaliza helikopta za watu wa gesi zinapita juu ya paa la nyumba yangu. Katikati hapo nimeandika watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mmoja tu ndiye anayenikosesha raha.

Kwanza niwaeleze kitabu chenyewe. Kila mtu alikuwa na assento, yaani habari yake iliyoandikwa kitabuni: jina, wazazi, mahali, siku, na mtu aliyeleta habari. Pembeni mwa ukurasa iliachwa nafasi tupu, na hapo ndipo ilipowekwa averbamento, maandishi ya kusahihisha au kuongeza jambo lililotokea baadaye. Kufuta ilikuwa mwiko. Ukikosea herufi moja, unaiacha hapohapo ilipo, unakwenda pembeni, unaandika kwamba umekosea, sababu gani, unatia sahihi. Aibu yako inabaki inasomwa na wajukuu wa watu. Mwiko wa pili ulikuwa mstari mtupu.

"Kwenye kitabu changu hakuna mstari mtupu," senhor conservador alikuwa akisema, kisha anakohoa. "Ukiuacha mtupu, kesho atakuja mtu aujaze anavyotaka."

Loo! Hakujua kwamba mtu huyo alikuwa amekaa mbele yake.

Uhuru ulipokuja, senhor conservador aliondoka na sanduku moja, akaziacha funguo mezani juu ya kitabu cha vifo. Mimi nikatiwa kwenye brigada. Brigada ilikuwa kundi la makarani wanne waliozungushwa kwa gari vijijini kuwaandika watu waliokuwa hawajaandikwa. Mkubwa wetu tulimwita camarada chefe, yaani komredi mkuu. Alikuwa mpiganaji wa msituni, mtu mwema, lakini kazi ya karatasi aliifanya kama vita. Jioni alikuwa anaripoti kwamba leo tumekamata vijiji viwili. Alikuwa na saa kubwa mkononi na mguu mmoja daima uko ndani ya gari.

Kazi ya brigada ilitaka masikio kuliko mkono. Mtu hakukuambia mwaka aliozaliwa. Alikuambia alizaliwa mwaka ule nzige walipokula mtama, au wakati dada yake alikuwa amekwisha kuchezwa unyago. Wewe ukae upige hesabu mpaka mwaka utokee. Ili tusidanganywe, begani tulibeba daftari la kodi ya kibanda. Serikali ya Wareno ilikuwa imeandika wanaume wote wa kila kitongoji, jina, kazi, na alikotoka, ili iwadai kodi. Daftari la dhuluma, lakini lilikuwa sahihi. Mkoloni katika kuwatafuta watu wa kuwakamua hakufanya mchezo. Tulikuwa tunalitazama mara mojamoja tu, tukiwa na shaka. Daftari hilo mlishike, nitalirudia.

Tukafika Mchangani, kitongoji cha wakulima na wavuvi, kaskazini kabisa, karibu na mashamba ya minazi. Tukaambiwa mwezi uliopita amefariki mwanamume mmoja, ameanguka kutoka juu ya mnazi. Kifo kile kilikuwa hakijaandikwa. Camarada chefe akanituma nikaandike, naye akabaki kwenye gari, injini inanguruma.

Mjane alikuwa ndani ya eda. Eda mnaijua: miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki, na wanaume wa kando hawamuoni. Nikakaa kwenye kibaraza cha nje, yeye akakaa nyuma ya pazia la mlango. Jina lake aliniambia bila shida: Atija. Ana mtoto mmoja, Fatima, hajaanza kutembea.

"Pole na msiba, dada," nikasema. "Nataka jina la marehemu."

"Marehemu ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye nyumba."

"Naam, dada, lakini jina lake?"

Kisha akasema, "Wewe mtoto wa nani, usiyefunzwa adabu?"

Na mimi adabu nilifunzwa! Mama yangu mwenyewe aliishi na baba yangu mpaka akamzika, na jina la baba halikumtoka mdomoni hata siku moja. Alimwita Baba Issa, kwa jina langu mimi. Kwetu mke hamtaji mumewe jina. Akimtaja ni kama amemvua nguo mbele za watu, na akiwa ndani ya eda ndiyo mbaya zaidi. Nilijua hayo yote. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu mkononi namuuliza mwanamke wa watu jambo ambalo nisingethubutu kumuuliza mama yangu.

"Andika Baba Fatima," akaniambia. "Kila mtu anajua."

Fomu haina Baba Fatima. Nikawauliza wanawake waliokuwa uani wanapepeta mchele. Wakasema wao wanamwita Mkwezi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukwea minazi. Si mzaliwa wa hapa, alikuja kikazi. Wanaume walikuwa mashambani na baharini. Ningengoja mpaka wakati wa alasiri ningewapata msikitini, nikauliza, yakaisha. Camarada chefe akapiga honi. Nikasimama. Akapiga ya pili, akapiga na ya tatu. Nikamwambia yule dada nyuma ya pazia, "Nitarudi kesho." Nikakimbilia gari.

Kesho yake tulikuwa wilaya nyingine. Camarada chefe akapitisha kidole kwenye kurasa za jana, kikasimama.

"Camarada Issa, huyu hana jina?"

"Analo, chefe."

"Basi liandike."

Mkono ukaandika Sumail Bacar. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mkono uliandika wenyewe, kwa yale mazoezi ya siku ya kwanza. Hapana. Uongo mmoja unatosha, nisiongeze wa pili kwenye uzee huu. Niliamua. Nilitafuta jina zuri lisilo na mdai, nikampa marehemu wa watu jina la babu yangu, tena nililiandika vizuri, herufi zote zimelala upande mmoja. Nilijiliwaza kwamba babu alikuwa mtu mwema na maiti hana kesi. Kufika Quiterajo, kituo kilichofuata cha brigada, nilikuwa nimekwisha kusahau.

Miaka iliyofuata sitawachosha nayo. Nilihamishiwa kusini, nikarudishwa kaskazini, kila mahali na mkubwa wake. Mmoja alipenda mihuri, akagonga mpaka kwenye bahasha za mkewe. Mwingine hakujua kusoma mwandiko wa kuunganisha, na aibu hiyo nilimfichia mpaka akastaafu. Wa mwisho alikuwa senhora conservadora, binti aliyesoma chuo kikuu, niliyemfundisha mwenyewe namna ya kushika kitabu cha zamani kisikatike mgongo. Yeye ndiye aliyeniandikia barua nikapewa diploma ya mfanyakazi wa mfano. Niliitundika sebuleni juu ya redio. Nikastaafu, nikadhani sasa nitapumzika.

Kumbe ndiyo gesi imevumbuliwa. Barabara ikachongwa, wakaja watu wenye helmeti, uzio ukapigwa, na vijiji vilivyokuwa ndani ya ardhi ile vikaambiwa vitahamishwa, watu wakajengewe nyumba za tofali Quitunda, kijiji kipya. Mara kila mtu akataka karatasi. Watu walioishi bila cédula, ile kadi ya kuzaliwa, wakaitafuta usiku na mchana ili waoneshe kwamba wao ni wa pale, na shamba ni la pale, na mnazi ule ulipandwa na fulani. Wakajaa barazani kwangu. Niliwajazia fomu mpaka macho yakatoka machozi. Nilichoka, wanangu. Nilichoka kuwaona watu wazima wanaombwa ushahidi kwamba walizaliwa.

Katikati ya Ramadhani akaja mwanamke kijana, mwalimu wa shule ya msingi ya Mchangani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

"Mariamo. Mama yangu alikuwa Fatima, mtoto wa Bi Atija."

Jina la Atija lilipita sikioni bila kugonga kitu. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa certidão, fotokopi ya assento ya kifo iliyogongwa muhuri. Akaniwekea mapajani.

"Babu, sahihi hii ni yako?"

Nikavaa miwani. Sahihi yangu. Juu yake, kwa mkono wangu wa ujana, Sumail Bacar. Hapo nikaikumbuka honi.

Mariamo akaeleza. Makaburi ya Mchangani nayo yanahamishwa, yataanza kufukuliwa wiki moja baada ya Idi. Kila kaburi lenye mwenyewe litapelekwa na jamaa zake, litasomewa, litawekewa kibao cha sementi chenye jina. Yasiyo na mwenyewe yatapangwa safu moja kando, kibao kimeandikwa desconhecido, asiyejulikana. Bi Atija amelionesha kaburi la mumewe, hatua tisa kutoka ukuta wa msikiti. Kamati ya makaburi ikatafuta karatasi, karatasi ikasema aliyekufa ni Sumail Bacar. Wakamsomea bibi.

"Bibi akasema Sumail hamjui," Mariamo akasema. "Akasema wakiandika hivyo watakuwa wamehamisha mgeni, na mumewe wamemwacha. Katibu wa kamati anasema karatasi na mjane havikubaliani, kwa hiyo kaburi lina utata. Wanaliweka kwenye safu ya kando."

"Na yeye bibi anasema jina ni nani?"

"Hasemi! Hajalisema maisha yake yote, babu. Mama amekufa bila kulijua. Shuleni walimwandika Fatima Sumail kwa kuitazama assento hii, bibi asiambiwe. Nikimwomba bibi ananiambia, 'Waulize wenye madaftari.' Basi nimekuja kwa mwenye madaftari."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimefunga, mdomo mkavu, mtoto wa watu ananitazama kwa heshima. Nikamwambia, "Niachie, mwanangu. Nitatafuta." Akanibusu mkono akaenda zake. Wallahi, ule mkono niliutazama mpaka adhana ya magharibi.

Nikatafuta kweli. Nilifikiri nikilipata jina kabla ya Idi, nitalipeleka limekamilika, na hakuna atakayeuliza lile la kwanza lilitoka wapi. Vitabu vya ndoa havikunisaidia. Wale waliozwa na shehe, hawakupita ofisini. Nikaenda shamba la minazi la zamani kutafuta orodha ya vibarua. Mlinzi akanifungulia ghala, nikakuta majalada mazuri ya ngozi, ndani yake mchwa wamekula kila kitu wakaacha udongo. Siku tatu nilikwenda na kurudi kwa miguu na njaa ya saumu. Ya nne senhora conservadora akaniruhusu kuingia stoo nyuma ya ofisi, na huko, chini ya mafaili ya juzi, nikalikuta daftari la kodi ya kibanda.

Kitongoji cha Mchangani: wanaume thelathini na mmoja. Safu ya kazi isingetosha kunionesha, kwa sababu karibu nusu yao waliandikwa wakwezi, kutokana na shamba lile. Nikaanza kupunguza. Waliokuwa na assento ya kifo ya baadaye, nikawatoa. Waliozaliwa palepale, nikawatoa, maana wetu alikuwa mgeni. Wakabaki saba. Saba nikawatazama siku mbili, sikuweza kusogea zaidi. Wazee ambao wangenisaidia wamekufa au wamebaki Tanzania tangu wakati wa vita vya uhuru.

Hapo ndipo akili ikanijia, nami nikakaa chini sakafuni. Daftari hili lilikuwa begani mwangu siku ile! Nilikaa kwenye kibaraza cha yule dada nimelibeba. Jina la mumewe lilikuwa linagusa ubavu wangu, umbali wa pazia moja, na ningeweza kulipata kwa muda wa kunywa kahawa. Nilichokosa ni kukaa tu.

Nikamwita Mariamo, nikamweleza yote, kuanzia honi mpaka mkono. Alisikiliza amekunja uso. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mama yangu amezikwa na jina la babu yako?"

"Ndiyo."

"Na cédula yangu?"

"Na cédula yako pia."

Akaikunja ile certidão, akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni taratibu. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Utakwenda kumwambia bibi mwenyewe," akasema. "Mimi sipeleki maneno hayo."

Tukaenda kesho yake. Nyumba ilikuwa ileile, miti na udongo, ila mlangoni ilipigwa namba ya rangi nyekundu ya watu wa kuhamisha. Bi Atija sasa macho yake hayaoni vizuri, lakini kwa mwanamume wa kando hakutoka nje. Alikaa ndani nyuma ya pazia, nami nikakaa kwenye kibaraza. Kibaraza kile kimeliwa na mvua, au mimi nimekuwa mzito.

"Bibi, mimi ni karani Issa. Nilikuja hapa ukiwa ndani ya eda."

"Wewe ndiye yule wa honi," akasema.

"Ndiye."

"Ulisema utarudi kesho."

Nikamweleza. Nilimwambia jina la kwenye karatasi ni la babu yangu, nimelibuni mimi, si kamati wala serikali. Nikasikia bangili zake zinagongana.

"Mimi nilikuambia uandike Baba Fatima."

"Uliniambia. Nilikosa, bibi."

"Wamekuja vijana na karatasi, wakanisomea, wakaniambia huyu ndiye mumeo. Nikasema simjui mtu huyo. Wakatazamana, wakasema bibi amezeeka, anasahau." Bangili zikagongana tena. "Mimi nimsahau! Kila Ijumaa namsomea. Nyinyi ndio mmenifanya mwendawazimu kwenye mlango wangu mwenyewe, kwa sababu ya honi."

Nililia, mtu mzima, mchana wa Ramadhani, na Mariamo akatazama pembeni. Kisha nikalifungua daftari la kodi, nililoliazima stoo.

"Bibi, sikuombi ulitaje. Mimi nitasoma, wewe sikiliza."

Nikaanza na wale saba.

"Abdala Mvita."

"Huyo jioni alikuwa anafundisha chuo cha Kurani. Alitupiga sana."

"Assane Chande."

"Alivuka Ruvuma, akaoa hukohuko. Mke wa hapa alimngoja mpaka akachoka."

"Muinde Juma."

"Mwizi wa kuku! Hata akihamishwa asiwekwe karibu na wangu."

Mariamo akacheka bila kutaka. Nikageuza ukurasa.

"Salimo Nchamo."

Kimya.

Nikangoja. Niliwahi kushindwa kungoja mahali pale, safari hii nilingoja. Kuku wakapita, mtu akapita na baiskeli akasalimu, mimi bado nangoja. Mariamo akachungulia ndani, kisha akanigeukia ana machozi. Akaninong'oneza kwamba bibi amejifunika kanga kichwani.

"Niendelee, bibi?" nikauliza.

"Uendelee na nini?" akasema.

Mbele ya jina lile daftari lilisema: mkwezi, kutoka Quiterajo, kibanda kimoja. Kwa maneno hayo nikamtafuta nyuma, nikampata kwenye daftari la Quiterajo, kijana, mtoto wa Nchamo mkulima. Mwaka mmoja ameandikwa hayupo, amechukuliwa kazi ya barabara. Mwaka mwingine amerudi, mgonjwa. Kisha jina lake limekatwa na pembeni imeandikwa, amehamia kaskazini. Basi. Hayo ndiyo maisha yote ya Salimo Nchamo kwenye karatasi, mistari mitano, yote imeandikwa na watu waliomdai. Wa kwangu wa sita ulikuwa wa kufa kwake, nao ndio uliokuwa wa uongo.

Senhora conservadora akafungua kitabu, akaandaa nafasi ya averbamento.

"Senhor Issa, sababu niandike kosa la mwandiko. Itapita hapahapa."

"Andika kwamba karani alibuni jina."

Akaiweka kalamu chini. "Hiyo ni kughushi, mzee. Itakwenda mkoani. Una diploma yako, una heshima yako mjini. Nani anakulazimisha?"

"Wewe nilikufundisha nini juu ya pembeni?"

Akanitazama, akanisukumia kitabu. Niliandika mwenyewe kwa mkono wangu, na mkono sasa unatetemeka. Herufi moja ililala kulia, nyingine kushoto, nyingine imesimama. Senhor conservador angenirudisha kuandika mara mia. Ikaandikwa hivyohivyo: badala ya Sumail Bacar, asomeke Salimo Nchamo, jina la kwanza lilibuniwa na karani. Nikatia sahihi.

Barua kutoka mkoani ilikuja. Diploma niliirudisha kwa bahasha, msumari umebaki ukutani juu ya redio. Barazani kwangu hakuja tena mtu na fomu, na msikitini baadhi yao walikuwa wananipa mkono wakitazama kwingine. Sikuwalaumu. Kila mmoja alikuwa na karatasi nyumbani yenye mwandiko wangu, akawa anajiuliza.

Baadaye mnajua yaliyotufika. Vita vilikuja, watu tukakimbia, ofisi ikaungua, na vitabu vikaungua vyote. Uongo wangu umeungua, na averbamento yangu imeungua pamoja nao. Mkiniuliza kazi ile ya maisha yote imebakia wapi, sijui niwaoneshe nini. Nimechoka kuulizwa, tena nimechoka zaidi kujiuliza. Nyinyi wa kompyuta ninawaachia neno moja tu: gari likipiga honi, liacheni lipige.

Kimebaki kibao cha sementi. Kiko makaburi mapya upande wa Quitunda, safu ya pili, karibu na kaburi la Fatima. Wiki ile baada ya Idi, wanaume tulipomaliza kuzika na kusoma, Mariamo alimleta bibi yake akimshika mkono. Bi Atija hajui kusoma, na macho yale yasingeona. Akasimama mbele ya kaburi la mumewe, akauliza yuko wapi karani. Nikasogea.

"Umeliandika?"

"Nimeliandika, bibi."

"Nisomee."

Nikamsomea kwa sauti, polepole, jina lote: Salimo Nchamo. Bi Atija akajifunika kanga kichwani, akanyamaza.